Programu za bure za kukokotoa mwangwi wa rada: nimezijaribu Tanga kwa kiakisi cha mashua

Rivyu hii ndefu kidogo, nivumilieni. Nimekaa na hizi programu kama miezi minne sasa, nalala nazo naamka nazo, nikaona bora niandike yote sehemu moja ili mwenzangu anayetaka kuanza asihangaike na bando na kukosa usingizi kwa mambo ambayo mtu angeweza kumwambia mapema.

Chanzo chake ni mzee mmoja nahodha wa pale Deep Sea. Ana mashua ya mbao ya mita 9, anavua mkondo wa Pemba, na usiku mmoja meli ya mizigo iliwapita karibu mno mpaka wimbi lake likamwaga ndoo za barafu zote. Taa walikuwa nayo, ila anasema yule wa melini hakuonyesha dalili yoyote ya kuwaona. Mbao hairudishi rada sawasawa, na injini yenyewe iko chini imefunikwa. Basi akaenda kwa fundi bati Ngamiani akatengenezewa kile kidude cha mabati matatu yaliyopitana, yani zinatokea pembe nane, ndo kiakisi chenyewe, kitu cha kurudisha wimbi la rada kule lilikotoka, apandishe kwenye mlingoti. Siku ananiita nikione akaniuliza, "Mwanangu, we si ndo ulisomea mambo ya mawimbi, hebu niambie, hiki kitaonekana au bati limekwenda bure?" Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe muda nipige hesabu kwanza." Sikutaka kulijibu swali lile kwa kukisia, ni roho za watu zile, na nikafikiria na meli za mafuta zitakazokuwa zinakuja Chongoleani bomba la kutoka Hoima likianza kumwaga, hizo ni meli kubwa kweli na haziwezi kusimama ghafla.

Sasa tuelewane kwanza kwenye neno "kubwa", kwa sababu rivyu nzima iko hapo. Rada za meli zinatumia frikwensi za aina mbili, moja ni karibu gigahezi 9.4 ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 3.2 hivi, nyingine ni gigahezi 3 na wimbi lake ni kama sentimita 10. Kompyuta haijali kitu chako kina mita ngapi, inajali kina mawimbi mangapi. Kiakisi cha mzee unakibeba kwapani, kila pembe ina mguu wa sentimita 30 na kutoka ncha hadi ncha ni 60, lakini kwa rada ya gigahezi 9.4 hicho ni kitu cha mawimbi karibu 19, na mabati yake matatu kwa pamoja yana eneo la kama mawimbi ya mraba 530. Mashua ya mita 9 ni mawimbi 280. Meli ya mita 100 inayoingia bandarini Tanga ni mawimbi zaidi ya 3,000. Na ili hesabu ikae sawa lazima ukikate kitu vipande vidogo, kawaida kama sehemu ya kumi ya wimbi, kwa hiyo hapa ni milimita 3. Wavuvi watanielewa haraka, matundu ya wavu yakiwa mapana dagaa anapita, na dagaa wetu hapa ni umeme unaotembea juu ya bati.

Nilianza na NEC2. Hii ilitoka maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani mwaka 1981, imeandikwa kwa lugha ya Fortran, na mpaka leo faili lake linafuata mtindo wa zile kadi za kutoboa za kompyuta za zamani, GW ni waya, EX ni chanzo cha wimbi, FR ni frikwensi. Mtu akisikia 1981 asiidharau. Kwa antena za waya majibu yake naamini kabisa, inatoa jibu kabla hujainua kikombe, na inakubali mashine yoyote hata ile ya zamani iliyolala kabatini. Ndani yake kuna mbinu ya momenti, ile ambayo Roger Harrington aliiweka vizuri kwenye kitabu chake cha 1968. Wazo lenyewe zuri sana jamani: badala ya kuhangaika na hewa yote iliyozunguka kitu, unaigeuza milinganyo ya Maxwell, ile inayoeleza umeme na sumaku, iwe swali moja tu, umeme gani unatembea juu ya uso wa hiki kitu wimbi likikipiga? Unakata uso vipande, kila kipande kina namba ya kutafuta, kila kipande kinasikia sauti ya vipande vingine vyote, unapata matriki, yani jedwali kubwa la namba, iliyojaa kila chumba, unaitatua, ukishajua umeme wote basi mwangwi unaotawanyika kwenda upande wowote unajulikana.

Ila NEC2 ni ya waya. Bati pana unalazimika kulisuka kwa waya nyingi kama mtu anasuka jamvi, inawezekana, nimefanya, na kwa gigahezi 3 nikapata picha ya kwanza, lakini unene wa waya unachagua wewe na jibu linacheza kidogo ukiubadilisha. Kwa antena naipa nyota 5, kwa kiakisi ni kuionea tu, haikutengenezwa kwa hiyo kazi.

Njia iliyo sahihi kwa bati ni kulikata pembetatu, na kila namba ya kutafuta ikae kwenye ukingo ambao pembetatu mbili zinashirikiana, ili umeme ukitoka huku uingie kule bila kupotea njiani. Hiyo ni kazi ya Rao, Wilton na Glisson ya mwaka 1982 na programu nyingi za momenti mpaka leo zinasimama juu yake. Sasa piga hesabu na mimi. Kwa gigahezi 3 kiakisi chetu kinatoa namba za kutafuta kama 19,000, matriki yake inakula gigabaiti 3 hivi za memori ukitumia baiti 8 kwa kila chumba. Inaingia, mashine yangu ina gigabaiti 16, ni ile ya mezani niliyonunua mtumba. Kitu kilekile bila kubadilisha hata riveti moja, nenda gigahezi 9.4, namba zinakuwa kama 184,000 na matriki inataka gigabaiti 270. Yani frikwensi imepanda mara tatu na kidogo, memori imepanda mara 90, na muda wa kuitatua moja kwa moja unapanda zaidi ya mara 800. Nilivyoiona hiyo namba nikaenda kuketi Raskazone nitazame maji kwanza.

Nikajaribu njia nyingine kabisa, openEMS. Hii ni programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, Ujerumani, na nimeipenda mno, nitasema kwa nini. Yenyewe haishughuliki na uso, inajaza boksi zima vijumba vidogo vya hewa na bati, halafu inaliacha wimbi litembee hatua kwa hatua kwenye muda, sumaku inasukuma umeme, umeme unasukuma sumaku, hivyo hivyo. Kane Yee ndo aliyepanga vile vijumba mwaka 1966 na mpangilio wake haujabadilika. Kuta za boksi lazima zimeze wimbi lisirudi, na tangu Bérenger alipotoa ule ukuta wake mwaka 1994 hilo limekuwa jambo dogo. Kinachonifurahisha ni kwamba unaona. Unatoa picha mfululizo, unaona wimbi linaingia kwenye pembe, linagonga bati la kwanza, la pili, la tatu, linageuka linarudi kulekule lilikotoka. Nilimwonyesha mzee kwenye simu akatulia muda mrefu halafu akasema, "Kumbe linafanya kama mpira ukiupiga konani," na kweli ndo hivyo hivyo. Hakuna mlinganyo ungefanya ile kazi.

Tena mfano wao wa mafunzo una tufe la kupigwa wimbi, unaweza kuanza nao hapo hapo ukabadilisha tufe kuwa kitu chako. Na mkimbio mmoja unakupa frikwensi nyingi kwa pamoja kwa sababu unarusha mshtuko mfupi wenye frikwensi zote ndani yake.

Mipaka yake ni ya mbinu yenyewe. Kwanza vijumba. Ukitaka vijumba 20 kwa kila wimbi, kiakisi chetu pamoja na nafasi kidogo pembeni ni vijumba kama milioni 75, inaingia kwenye gigabaiti 16 za mashine yangu lakini unaisikia feni inalia. Frikwensi ikizidi mara mbili vijumba vinazidi mara 8 na hatua za muda mara 2, jumla 16. Pili, wimbi likisafiri mbali ndani ya gridi linachelewa kidogo kidogo kuliko wimbi la kweli, kosa dogo ila linajumlishwa njia nzima, ndo maana kwa vitu vikubwa unalazimika kukata vijumba vidogo zaidi ya ulivyopanga. Tatu, na hili ndo lililoniondoa, kila upande wimbi linakotokea ni mkimbio mpya, na vijumba ni vya mraba. Mabati matatu yaliyonyooka nikayalaza sawa na gridi nikageuza wimbi badala ya kugeuza kiakisi, hapo safi kabisa. Lakini kiakisi cha fundi hakikunyooka. Nilikipima na skwea nikakuta bati moja limelala digrii kama 2. Ukiliweka bati la namna hiyo kwenye gridi linageuka ngazi ngazi, sasa huwezi kujua mwangwi umepungua kwa sababu ya fundi au kwa sababu ya ngazi zako. openEMS nyota 4, na kama unafundisha vijana anza nayo hiyo, usianze na kitu kingine.

Haya, sasa nije kwenye niliyobaki nayo, Puma-EM. Nayo huria, inakaa kwenye Linux, inatumia ile ile mbinu ya momenti na pembetatu zake, wavu unautengeneza kwa Gmsh ambayo nayo bure, ila haijengi ile matriki ya gigabaiti 270 hata siku moja. Inatumia multipoli ya kasi ya ngazi nyingi, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hii ndo akili iliyonishika moyo kuliko zote.

Chukulia kila pembetatu ni nyumba, na kila nyumba inataka kumpelekea habari kila nyumba nyingine mjini. Nyumba za Ngamiani zikituma mtoto mmoja mmoja kwenda kila nyumba ya Chumbageni, barabara zote zitajaa watoto. Sasa fanya hivi: balozi wa nyumba kumi anakusanya habari za nyumba zake anazifunga barua moja, mabalozi wanampa mwenyekiti wa mtaa, naye anafunga barua moja, inapanda mpaka kata. Kata inapeleka barua moja kwa kata ya mbali, kule inafunguliwa inashuka mtaa, inashuka balozi, inafika kila mlango. Jirani wa ukuta kwa ukuta hahitaji balozi, anaongea mwenyewe moja kwa moja, kwa sababu habari ya karibu ina mambo madogo madogo ambayo barua ya jumla ingeyafuta. Programu inafanya hivyo hivyo, inakifungia kitu chako kwenye boksi, boksi linakatwa 8, kila dogo linakatwa 8, mpaka kufika boksi la chini la sehemu ndogo ya wimbi. Greengard na Rokhlin ndo waliolileta wazo la multipoli ya kasi mwaka 1987 kwa mambo ya nguvu za chembe, Rokhlin akalipeleka kwenye mawimbi mwaka 1990, halafu Song, Lu na Chew wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa ile ya ngazi nyingi kwa vitu vikubwa mwaka 1997. Kwa namba zetu 184,000, mazungumzo bilioni 34 yanashuka mpaka mamilioni machache ukizidisha na gharama za kufunga na kufungua barua. Kompyuta kubwa za watu zimeshatatua matatizo yenye namba zaidi ya bilioni 1 kwa njia hii, bilioni, na mimi na mtumba wangu napata kutumia hesabu ile ile bure. Nashukuru kweli waliolitoa wazi.

Sasa jinsi inavyofika kwenye jibu, haitatui kwa mpigo mmoja, inakisia, inapima kosa, inarekebisha, inarudia. Na hapa kuna kitu ambacho sikukiona kwenye maelezo yoyote kwa uzito unaostahili, kwa hiyo nakisema kwa herufi nene: angalia kama kitu chako kimefungwa au kiko wazi. Kitu kilichofungwa kama tufe au pipa unaweza kutumia mlinganyo wa mchanganyiko, ule wa umeme na wa sumaku umechanganywa, unafika haraka na hauna ugonjwa. Ukitumia wa umeme peke yake kwenye kitu kilichofungwa kuna frikwensi fulani ndani ya pipa kunalia kama chupa inayopulizwa, na jibu la nje linaharibika wakati nje hakuna kilichotokea. Lakini bati jembamba lililo wazi pande zote, kama kiakisi chetu, mchanganyiko hauruhusiwi, umebaki na wa umeme tu, na huo unakwenda pole pole sana. Mimi mikimbio ya mwanzo ilirudia mara mia kadhaa kwa kila upande wa wimbi. Nilichofanya ni kutumia ulinganifu: kiakisi kilichonyooka kikining'inizwa vizuri pande zake zinajirudia kila digrii 120, na nusu ya hiyo ni kioo cha nusu nyingine, kwa hiyo nikakokotoa digrii 60 tu nikanakili. Kwa kile cha fundi kilichopinda hakuna ulinganifu, nikaiacha inakokotoa usiku kucha siku tatu, usiku wa pili umeme ukakatika saa nane, kwa hiyo nunua yupiesi kwanza kabla hujaanza, na iambie programu iandike majibu kila inapomaliza upande mmoja.

Kabla hujaamini chochote pima tufe. Gustav Mie alilitatua tufe kwa kalamu mwaka 1908, jibu kamili, halina kukisia. Mwangwi wa rada unapimwa kwa mita za mraba, si eneo la kitu chenyewe bali kinavyoonekana kikubwa kwa rada. Tufe la bati likiwa kubwa kuliko wimbi mwangwi wake unakaribia eneo la duara lake tu, pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Nilipima kwa openEMS nikapima kwa Puma-EM, zote zikakaa juu ya mstari wa Mie vizuri. Tufe lina fundisho jingine: mapendekezo ya Shirika la Bahari la Kimataifa ya mwaka 2004 yanataka kiakisi kiwe na mwangwi wa mita za mraba 7.5 kwa rada ya gigahezi 9 na 0.5 kwa ya gigahezi 3, kikiwa angalau mita 4 juu ya maji. Ukitaka 7.5 kwa tufe unahitaji tufe la kipenyo cha mita 3. Hebu liweke kwenye mashua. Bati bapa la sentimita 30 kwa 30 linatoa mwangwi wa mita za mraba 100 kwa gigahezi 9.4, lakini likitazama rada uso kwa uso tu, ligeuke digrii chache limezimika. Pembe ndo inayoshika katikati, sentimita 30 inatoa mita za mraba 33 ikitazamwa vizuri, na haizimiki haraka.

Na kuna njia ya nne ambayo si ya kununua wala kupakua, niliiandika mwenyewe kwa Python, kurusha miale na kuifuata inavyodunda. Ling, Chou na Lee waliitoa mwaka 1989. Unarusha miale mingi sambamba, kila mmoja unaufuata kama mpira wa mzee, unapotoka unahesabu umeme ulioachwa kwenye bati la mwisho. Haijali matriki. Kiakisi kizima pande zote ilimaliza kabla chai haijapoa, na kwa gigahezi 9.4 kileleni ilikuwa karibu sana na Puma-EM. Kwenye mabonde kati ya kilele na kilele ndo inakosea, kwa sababu haijui kingo, wimbi likigonga ukingo wa bati linatawanyika kivyake. Hesabu ya kingo aliifanya Pyotr Ufimtsev, Mrusi, kitabu chake kilitoka 1962, na Wamarekani ndo waliokitumia kutengeneza ndege isiyoonekana na rada, ile F-117 yenye vipande bapa bapa. Sisi huku tunatumia hesabu hiyo hiyo kwa kinyume, tunataka mashua ionekane. Kwa meli nzima ya mita 100 miale ndo njia pekee ninayoiona inafaa mashine ya nyumbani, momenti hata yenye multipoli itataka mamia ya mamilioni ya namba. Kwa kitu cha mawimbi 20 au 50 nenda Puma-EM, nyota 4 na nusu, hiyo nusu naiacha kwa sababu inamtaka mtu aliyezoea Linux na kijana wa kidato cha sita atahitaji wa kumshika mkono.

Majibu yenyewe nimeyapeleka Deep Sea asubuhi moja mashua zimerudi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kompyuta imesemaje?" Nikamwambia mambo matatu. Kwanza ukubwa unatosha, angekifanya cha sentimita 20 kama fundi alivyotaka mwanzoni ili abane bati, mwangwi ungekuwa 6.6 tu, chini ya 7.5, maana mwangwi unakwenda na mguu wa pembe mara nne kwa kuzidishana. Na kwa sababu umbali wa rada nao unakwenda hivyo hivyo kinyume chake, pembe ikizidi nusu, umbali wa kuonekana unazidi nusu, ukiacha mambo ya upeo wa macho na mawimbi ya bahari. Hiyo aliishika papo hapo, akasema kumbe sentimita 10 za bati ni maili.

Pili alikuwa amekifunga vibaya, ncha juu ncha chini. Hivyo kinang'aa pande nne na mashua ikilala kidogo tu mwangwi unapotea. Kigeuze kikinge mvua, yani pembe moja itazame mbinguni kama bakuli, zile sita zinabaki zimezunguka, tatu zimeinama juu digrii 19 na tatu chini. Kwenye maji tambarare unapata karibu nusu ya kilele, 16 hivi, na mashua ikiyumba pembe moja inashuka nyingine inapanda, kwa hiyo huachwi gizani muda mrefu.

Tatu ni lile bati lililolala digrii 2. Kwenye ncha ya sentimita 30 digrii 2 ni sentimita 1, hiyo ni theluthi ya wimbi, na wimbi linakwenda na kurudi, kwa hiyo mwangwi wa ncha unapigana na mwangwi wa katikati. Nilipoyaweka mabati yote kwenye digrii 2 mwangwi ulianguka zaidi ya nusu. Kwa gigahezi 3 kosa lile lile karibu halionekani, ndo maana mtu anaweza kukipima kwa rada moja akasema kizuri. Fundi sikumlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia. Tulikwenda wote watatu Ngamiani, nikamwonyesha picha, akasema, "Sasa mngenambia ni kazi ya skwea ningeinyoosha siku ile ile," akaongeza vipande vinne vya pembe vya kushikilia mabati yasicheze kwenye upepo, na hakutoza hela.

Kilichobaki sijakimaliza ni mashua yenyewe. Mbao lazima umeme uingie ndani, si uso tu, na mbao iliyolowa maji ya chumvi si sawa na kavu, halafu bahari nayo ni kioo, wimbi moja linafika moja kwa moja na jingine limedunda majini, mara yanasaidiana mara yanauana kulingana na urefu wa mlingoti. Naanza na kipande cha mashua cha mita 1 kwa gigahezi 3 kwenye openEMS, hicho kinaingia kwenye gigabaiti 16. Faili za wavu za kiakisi, kilichonyooka na kilichopinda, za Gmsh, mwenye kuzitaka aniandikie hapa chini nitamtumia, ni ndogo hazimalizi bando.